Kabla ya Kununua Spika Nyingine: Namna ya Kupanga Sauti ya Kompyuta kwa Muziki, Filamu na Michezo

Kompyuta imekuwa chombo cha kazi na cha burudani kwa pamoja. Mchana hutumika kuchapa barua na kutoa nakala. Jioni huunganishwa na spika mbili na sabufa, ikageuka redio, sinema na uwanja wa michezo. Ndivyo ilivyo mjini Ngara na mjini Biharamulo, na ndivyo ilivyo katika vituo vya njiani kama Nyakanazi, Benako na Kabanga, ambako kompyuta moja yaweza kuburudisha familia nzima au ukumbi mdogo wa video.

Pamoja na furaha hiyo huja lalamiko moja: picha ni safi, lakini sauti haieleweki. Waigizaji wanapozungumza husikika kwa mbali kama watu walio ng'ambo ya mto, ilhali bunduki ikilia nyumba nzima hutikisika. Anayekutwa na hali hiyo huambiwa upesi kwamba spika zimechoka au kadi ya sauti imekufa, na ushauri ni ule ule: nunua nyingine.

Tumeandaa makala haya ili kumkinga mlaji na gharama isiyo ya lazima. Kasoro nyingi za sauti zimo katika mipangilio ya kompyuta, na kuirekebisha hakugharimu hata shilingi moja. Tunaeleza pia namna ya kutambua kifaa kilichoharibika kweli, namna ya kuyalinda masikio, na mambo ya kuzingatia unapolazimika kununua.

Kadi ya sauti ni nini?

Wimbo uliohifadhiwa katika flashi ni mfululizo wa namba. Spika haiwezi kusoma namba. Yenyewe hupokea umeme unaopanda na kushuka, na utando wake hutetemeka kuufuata. Kadi ya sauti ndiyo inayogeuza namba kuwa umeme huo. Kwa upande wa maiki hufanya kinyume chake: hupokea umeme na kuugeuza kuwa namba.

Kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka 1981 ilikuwa na spika ndogo tu, ya kutoa milio. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ilitoa kadi iliyoitwa Sound Blaster, na watu wengi duniani wakainunua na kuipachika ndani ya kompyuta zao ili wasikie muziki na michezo. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na chipu ndogo iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa kompyuta.

Habari hiyo ina faida kwa mfuko wako. Fundi akikwambia kwamba kadi ya sauti ya kompyuta mpakato itachomolewa na kuwekwa nyingine, mwombe kwa upole akuonyeshe hiyo kadi. Katika kompyuta nyingi za namna hiyo hakuna kadi ya kuchomoa. Chipu ikiwa imeharibika kweli, lipo suluhisho jepesi: adapta ndogo ya sauti inayochomekwa katika tundu la USB, ambayo hufanya kazi yote ya kadi ya sauti bila kuifungua kompyuta.

Adapta hiyo ni kipimo kizuri pia. Azima moja, au azima hedifoni za USB, uzichomeke na uzichague kuwa njia ya sauti. Sauti ikitoka vizuri, basi filamu yako ni nzima, na tatizo liko katika spika, waya, tundu, chipu au programu yake endeshi, ambayo mafundi huiita draiva. Sauti ikiwa na kasoro ile ile, anza kutazama mipangilio ya filamu na ya programu unayoitumia kuichezesha.

Ukurasa mmoja wa kuujua

Maelezo yafuatayo ni ya kompyuta zinazotumia Windows. Menyu zake hupangwa tofauti katika kila toleo, lakini iko njia moja inayofaa kwa matoleo mengi. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R. Kisanduku kidogo kitafunguka. Andika mmsys.cpl, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Utaona dirisha lenye kurasa nne: wa kwanza ni wa vifaa vya kutolea sauti, wa pili ni wa maiki, wa tatu ni wa milio ya kompyuta yenyewe, na wa nne ni wa simu za kwenye kompyuta.

Katika ukurasa wa kwanza, kifaa chenye alama ya vema ya kijani ndicho kinachopelekewa sauti. Tazama hapo kwanza. Mtu aliyeunganisha kompyuta na televisheni kwa waya wa HDMI aweza kukuta sauti yote imehamia kwenye televisheni, na spika za mezani ziko kimya ingawa ni nzima. Dawa yake ni kuchagua spika zako katika orodha hiyo na kubofya kitufe kilicho chini, upande wa kati, kinachozifanya kuwa chaguo la kawaida.

Filamu: mazungumzo yanapopotea

Sasa turudi kwenye lile lalamiko la waigizaji wasiosikika.

Sauti ya filamu nyingi hugawanywa katika njia sita: kushoto mbele, kulia mbele, katikati, kushoto nyuma, kulia nyuma, na njia ya sita ya besi. Mazungumzo huwekwa hasa katika njia ya katikati, ili yaonekane yanatoka kinywani mwa mwigizaji aliye kwenye skrini. Muziki, mvua, magari na vishindo husambazwa katika njia za pembeni.

Kompyuta haina macho ya kuzihesabu spika zako, huamini ilivyoelezwa. Ikiwa mipangilio inasema kwamba kuna spika sita, kumbe mezani zipo mbili, kompyuta hupeleka mazungumzo kwa spika ya katikati ambayo haipo. Muziki na vishindo vinabaki, maneno yanapotea. Mwenye kompyuta huongeza sauti ili asikie maneno, na risasi inayofuata humrusha kitini. Spika mpya hazitamsaidia, kwa sababu nazo zitakuwa mbili.

Ili kurekebisha, fanya hivi:

1. Fungua ukurasa wa kwanza tulioutaja, kisha bofya mara moja jina la spika zako.
2. Bofya kitufe cha chini upande wa kushoto. Utaona orodha ya namna za kupanga spika.
3. Chagua mpango wa spika mbili, ambao huwa wa kwanza katika orodha. Kama una sabufa moja na spika ndogo mbili, bado mpango wako ni wa spika mbili, maana sabufa hujichujia besi yenyewe.
4. Bofya kitufe cha majaribio. Mlio usikike kushoto, kisha kulia. Ukisikika kinyume, badilisha mahali pa spika.
5. Endelea hadi mwisho, kisha fungua filamu upya.

Programu ya kuchezesha filamu nayo yaweza kuwa na mpangilio wake wa spika. Huo nao uwekwe kwenye spika mbili. Kompyuta ikishaelewa hivyo, huyachanganya mazungumzo ya njia ya katikati na kuyapeleka kushoto na kulia kwa pamoja.

Wapenzi wa filamu zenye maelezo ya Kiswahili, kazi iliyompatia umaarufu Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, wazingatie jambo moja zaidi. Sauti ya msimulizi huwa imekwisha kuchanganywa na ya filamu. Ukiwasha madoido ya ukumbi, mwangwi au mzunguko wa sauti, msimulizi husikika kana kwamba anasemea ndani ya pipa. Yazime yote.

Usiku, wakati majirani wamelala, kuna chaguo jingine la manufaa. Bofya mara mbili jina la spika zako. Kompyuta nyingi zitaonyesha ukurasa wa maboresho ya sauti, na ndani yake huwamo chaguo la kusawazisha ukubwa wa sauti. Ukiliwasha, minong'ono huinuliwa na vishindo hushushwa. Ukimaliza filamu lizime, kwa maana huharibu ladha ya muziki.

Muziki: uache usikike ulivyorekodiwa

Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na ngoma kubwa ni sehemu ya urithi wa eneo hilo zima. Haishangazi kwamba msikilizaji hupenda besi nzito. Lakini katika eneo hilo hilo la Maziwa Makuu ipo pia inanga, ala ya nyuzi ambayo nchini Burundi mwimbaji huipiga huku akinong'ona. Besi ikizidishwa, ngoma hugeuka mngurumo usio na umbo, na inanga na mwimbaji wake humezwa kabisa. Kwaya nayo hupoteza sauti ya pili na ya tatu.

Kifaa cha kusawazisha besi na sauti nyembamba huitwa ikwalaiza. Kanuni yake ni nyepesi: punguza kinachozidi, usiongeze kinachopungua. Kama maneno ya mwimbaji hayasikiki, shusha besi kidogo badala ya kupandisha vyote vingine. Kupandisha kila kitu hulazimisha sauti ivuke kipimo chake, na hapo ndipo mkwaruzo huanzia.

Mkwaruzo huo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni spika iliyopasuka. Kabla ya kuilaumu, kumbuka kwamba sauti hupita katika milango mitatu: programu ya muziki, kompyuta, na kitufe cha spika. Baadhi ya programu, VLC ikiwa mojawapo, huruhusu sauti kupandishwa kupita asilimia 100. Ziada hiyo hutokana na kuikuza sauti kuliko ilivyorekodiwa, na mara nyingi huikata ncha zake. Weka programu katika asilimia 100 bila kuzidi, weka kompyuta kwenye asilimia 80 hivi, kisha tumia kitufe cha spika kuongeza na kupunguza. Mkwaruzo ukitoweka, spika yako ni nzima.

Wengine hujiuliza kuhusu namba kama 44100 na 48000 wanazoziona katika sifa za spika. Hizo ni idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde. Ya kwanza ndiyo ya CD za muziki, na ya pili ndiyo ya kawaida kwa filamu. Kwa spika za kawaida hutasikia tofauti ya maana kati yake. Chagua mojawapo, wala usikubali kuuziwa kifaa cha bei ya juu kwa sababu tu namba yake ni kubwa zaidi.

Michezo: mahali sauti inapotoka

Katika mchezo wa kompyuta, sauti ni habari. Mchezaji hutambua kwa sikio kwamba adui yuko kushoto au gari linakuja nyuma. Hedifoni zenye waya ndizo zinazofaa zaidi kwa kazi hiyo.

Kwanza, hakikisha kwamba upande wa kushoto umevaliwa kushoto. Pili, katika mipangilio ya mchezo wenyewe, chagua hedifoni badala ya spika nyingi. Tatu, kama unatumia sauti ya kuigiza mzunguko, iwashe mahali pamoja tu: ama ndani ya mchezo, ama ndani ya kompyuta. Ikiwashwa kote, mchezo hupanga sauti, kompyuta huipanga tena, na mwelekeo hupotea.

Hedifoni za Bluetooth ni nzuri kwa muziki, lakini huchelewesha sauti kwa sehemu ya sekunde, nayo yatosha kukufanya usikie hatua za adui baada ya kumwona. Aidha, maiki yake inapotumika, ubora wa sauti unayoisikia waweza kushuka ghafla. Huo si ubovu; hedifoni nyingi za Bluetooth ndivyo zilivyo.

Ikiwa sauti ya mchezo au muziki hushuka yenyewe kila unapopiga simu kwa kompyuta, fungua ukurasa wa nne wa lile dirisha. Windows huwa imepangwa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 wakati wa simu. Chagua mstari wa mwisho, unaoiamuru isibadilishe chochote.

Mvumo usioisha

Ngara ndiko yaliko maporomoko ya Rusumo katika Mto Kagera, ambako mtambo wa megawati 80 umejengwa kwa ajili ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hata hivyo, zipo kaya na biashara zinazotumia umeme wa jua au jenereta. Inveta za bei nafuu na chaja zisizo bora huweza kuingiza mvumo katika spika.

Kwa mwenye kompyuta mpakato, kipimo chake ni hiki: chomoa chaja, kompyuta itumie betri. Mvumo ukikoma, chanzo ni umeme au chaja, wala si kadi ya sauti. Jaribu kuchomeka kompyuta na spika katika soketi moja, na kuutenga waya wa sauti na nyaya za umeme. Mvumo ukibaki, badilisha kwanza waya wa sauti, kwa kuwa ndio wa bei ndogo kuliko vyote.

Linda masikio

Sehemu ya ndani ya sikio ina chembe laini zinazopokea mtetemo. Zikifa kwa kelele, hazioti tena, na hakuna spika mpya itakayozirudisha. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikiongezeka kwa desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 90 hubaki saa 4 kwa wiki. Kwa desibeli 100, takriban dakika 20 tu. Kwa watoto kiwango kinachoshauriwa kwa saa 40 ni desibeli 75.

Usiye na kipimo tumia sauti yako mwenyewe. Ikiwa unalazimika kupaza sauti ili asikie mtu aliye umbali wa mkono mmoja, imezidi. Kwa hedifoni, usivuke asilimia 60 ya uwezo wake. Masikio yakibaki yanalia baada ya filamu kwisha, yamekwisha kuumizwa. Yapumzishe, na hali ikiendelea nenda kituo cha afya. Wenye kumbi za video tunawasihi wasiwaketishe watoto kando ya spika. Wakikumbuka kurekebisha njia ya mazungumzo kama tulivyoeleza, hawatakuwa na haja ya kupandisha sauti ili maneno yasikike.

Unapolazimika kununua

Umepanga yote na bado upande mmoja uko kimya. Umejaribu waya mwingine, umejaribu spika hizo kwenye simu, na hali ni ile ile. Hapo kifaa kimeharibika. Unapokwenda dukani, zingatia haya:

1. Tazama wati za kweli. Maandishi ya PMPO yenye maelfu ya wati hayakuambii nguvu ambayo spika itaitoa kwa mfululizo. Uliza kipimo cha RMS. Kumbuka pia kwamba tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5. Spika isiyo na betri, inayopata umeme wake wote kutoka tundu hilo, haiwezi kutoa wati 50 hata kama boksi linasema hivyo.
2. Beba flashi yenye rekodi mbili unazozijua: mtu anayesoma habari, na kwaya au wimbo uupendao. Sikiliza kwanza maneno, kisha besi.
3. Jaribu kushoto na kulia kabla ya kulipa. Tikisa kidogo kichwa cha waya, kisikatekate.
4. Linganisha tundu. Kompyuta ya mezani mara nyingi ina tundu la kijani la spika na la pinki la maiki, ilhali mpakato nyingi zina tundu moja kwa vyote viwili.
5. Dai risiti, na masharti ya dhamana yaandikwe. Bila maandishi, ahadi ya muuzaji ni vigumu kuithibitisha.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa. Ukiuziwa kifaa kisicholingana na maelezo yake, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti na boksi. Msipoelewana, peleka malalamiko yako kwa maandishi katika Tume ya Ushindani, ukieleza tarehe, bei, ulichoahidiwa na ulichokipata.

Ndugu mlaji, anza na kile kisichogharimu kitu. Tazama sauti inapelekwa wapi, hesabu spika zako na uiambie kompyuta ukweli, shusha kilichozidi, kisha chomoa chaja usikilize. Baada ya hatua hizo, ukienda dukani utakwenda ukijua hasa kinachokosekana, na hakuna atakayekuuzia usichokihitaji.